Uzi wa nyuzi: skrubu za mashine ndogo zinavyojifungua zenyewe, na zilivyoniulia injini

#1 Kijembe Butu

Wakuu, salaam.

Huu ni uzi wa nyuzi, yaani nyuzi za nati na bolti. Nimeua injini kwa sababu ya skrubu mbili za milimita tano, na kabla hasira haijapoa nimeona niandike, huenda nikaokoa mashine ya mtu.

Mashine ni ya kufyekea majani, ile ya kuvaa begani, stroku mbili. Ilianza kwa bolti ya ekzosti kudondoka. Nikanunua nyingine, nikaikaza mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Siku tatu, haipo. Nikaweka washa ya springi, ile pete iliyokatwa na kupindwa. Ikaondoka, safari hii na washa yake. Nikawa natembea na bolti za akiba mfukoni, nazihesabu kama tasbihi.

Kumbe wakati nahangaika na ekzosti, skrubu mbili zinazoshika kabureta nazo zilikuwa zinajifungua polepole kule nyuma ya kichujio cha hewa, jicho halifiki. Siku ya mwisho mashine ililia sauti nyembamba na kuchangamka kuliko kawaida. Nikafurahi, nikasema leo imeamka vizuri. Ilikuwa inaaga. Ikasimama ghafla, kamba haivutiki. Nilipotoa ekzosti na kuchungulia tunduni, ubavu wa pistoni ulikuwa na michirizi kama umekwanguliwa kwa uma.

Wenye stroku mbili mshajua. Kabureta ikilegea, hewa inapenya pembeni, petroli inakuwa kidogo kuliko hewa, moto unakuwa mkali. Na kwa kuwa oili ya injini hizi imo ndani ya petroli, petroli ikipungua na oili nayo imepungua.

Fundi aliyeipasua aliniuliza swali moja: "Ulikuwa unakaza nati, au ulikuwa unabana vyuma viwili?" Nikadhani ananitania. Nimekaa na swali hilo wiki mbili, nikasoma, nikafungua na kufunga, na sasa naona alikuwa ameniambia kila kitu.

Bolti ni springi ngumu sana. Ukiikaza inarefuka, sehemu ndogo mno ya milimita, halafu inataka kurudi urefu wake. Huko kutaka kurudi ndiko kunakobana vyuma viwili. Vikibanwa vya kutosha haviwezi kuteleza kimoja juu ya kingine, na visipoteleza nati haina sababu ya kugeuka. Sasa vikianza kucheza kulia-kushoto, hata unene wa unywele, kila mchezo unavunja msuguano wa kwenye nyuzi na wa chini ya kichwa cha bolti. Uzi wa bolti ni mteremko uliozungushiwa nguzo. Msuguano ukiondoka hata kwa kufumba na kufumbua, mzigo unashuka mteremko. Msumeno wa mnyororo bila mzigo unafika mizunguko 12,000 hadi 14,000 kwa dakika, yaani 200 au zaidi kila sekunde. Nati ina nafasi nyingi za kushuka.

Nikirudi kwenye ekzosti yangu: ilikuwa na kishikio cha chini ambacho kilikatika zamani, nami sikujali kwa sababu "bolti mbili za juu zinatosha". Hazikutosha. Bomba zima lilikuwa linaning'inia na kuyumba, na kila liliposogea lilizigeuza bolti. Ningeweka washa za dunia nzima zingeondoka zote.

Kwa hiyo siku hizi sianzi na nati. Naanza kutafuta nani anaitikisa: kisu kilichovunjika jino upande mmoja, mpira wa kuzuia mtetemo uliochanika, shafti iliyopinda, kishikio kilichokatika. Halafu naangalia nyuso zinazokutana. Rangi, vumbi la majani, gasketi kuukuu, vyote hivyo vinabonyea baada ya kukazwa, na vikibonyea springi yako imelegea bila nati kugeuka hata nukta. Ndiyo maana kitu chenye gasketi mpya unakikaza, unawasha injini ipate joto, unaiacha ipoe kabisa, unakaza tena.

Kisha nguvu ya kukaza. Kwa bolti ya chuma yenye alama 8.8 kichwani (alama ya uimara wake), ndani ya chuma, nyuzi kavu, M5 (yaani bolti ya unene wa milimita 5) ni kama Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 5 hadi 6, M6 kama 10, M8 kama 25. Kwenye alumini fuata kitabu cha mashine, kwa sababu mara nyingi kinachokata uzi ni tundu, siyo bolti. Na mjue kwamba katika jasho lote la kukaza, kama asilimia 10 tu ndiyo inayovuta bolti. Iliyobaki inaliwa na msuguano wa chini ya kichwa na wa kwenye nyuzi. Ukipaka oili, msuguano unapungua, na kwa toki (nguvu ya kuzungusha) ileile unaivuta bolti zaidi, hata kuikata. Mkono haujui tofauti hiyo.

Mambo ya gundi za kushika nyuzi, nati za nailoni (zenye pete ya nailoni ndani) na waya ni ya mwisho kabisa, na nimeyaacha makusudi. Karibuni mnirekebishe.

#2 Mzee Spana

Kijana umeandika vizuri ila washa ya springi umeionea. Nimeitumia tangu bado sina mvi. Mashine zinatoka kiwandani nazo. Watengenezaji wote ni wajinga?

#3 Kijembe Butu

Shikamoo mzee Spana. Siwaiti wajinga, na mimi ndizo nilizolelewa nazo.

Ila mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alichapisha majaribio yake ya mashine inayosukuma kiungo cha bolti pembeni, huku na huku, na wakati huohuo inapima mbano uliobaki. Kabla ya hapo wengi walidhani adui ni mvutano wa juu-chini. Yeye akaonyesha kuwa kuteleza pembeni ndiko kunakofungua kwa kasi. Mashine ya namna hiyo hutumika mpaka leo, na washa ya springi ikiwekwa humo haifui dafu. Hata kitabu cha NASA cha usanifu wa bolti, cha 1990, kinasema washa hiyo ikishakandamizwa na bolti iliyokazwa sawasawa inakuwa bapa, imebaki washa ya kawaida, haizuii chochote.

Fikiria mwenyewe mzee: unaweza kuibonyeza ikawa bapa kwa spana fupi. Nguvu yake ni ndogo mno mbele ya nguvu ya bolti. Itaanza kusukuma pale tu bolti ilipokwisha kulegea, na hapo maji yamemwagika.

#4 Mzee Spana

Marahaba. Nitalifikiria. Sijakubali.

#5 Binti Shamba

Naweka kambi hapa. Yangu ni ya kufyekea pia. Nati inayoshika kisu, chini kabisa, kila nikiifungua inazidi kukaza, na mwanzo nilidhani imekufa uzi. Nikaipiga nyundo. Naomba msinicheke.

#6 Chuma Chakavu

Tumecheka kidogo dada, samahani 😂

Nati hiyo kwenye mashine nyingi ina uzi wa kushoto. Unaifungua kwa kuizungusha kama unavyokaza nyingine. Wamefanya hivyo ili kisu kinapogonga jiti na kukwama, msukumo wa shafti uielekeze nati kwenye kukaza badala ya kufungua. Klachi ya msumeno wa mnyororo nayo kwa kawaida ni hivyohivyo. Zuia shafti isizunguke kwa kile kipini chake, halafu zungusha kama mshale wa saa.

Kama umeipiga nyundo, kagua nyuzi zake na kile kikombe kinachokaa chini ya kisu. Kikombe kikiwa na kigongo, kisu hakilali bapa, na kisu kisicholala bapa kinatikisa mashine nzima. Na nati ikiwa na nailoni ndani, ijaribu kwa vidole bila spana: ikipita mpaka mwisho kwa vidole, tupa. Nailoni imelika.

#7 Nusu Fundi

Mnazunguka sana wakuu. Gundi nyekundu kila skrubu, kazi imeisha. Mimi mashine yangu hakuna kinachotoka.

#8 Chuma Chakavu

Hakuna kinachotoka, hata siku utakayotaka kitoke 🤝

Hapa ndipo nilipoumia, ngoja niseme kwa urefu. Niliweka nyekundu kwenye skrubu ndogo zinazofunga nyumba ya kamba ya kuwashia. Mwaka uliofuata kamba ilikatika. Skrubu ya kwanza ikazunguka kichwa, ya pili ikakatika, ya tatu ikatoka na nyuzi za tundu zimening'inia kama utepe wa fedha. Ilibidi nichimbe, nikate uzi mpana na kuweka koili ya chuma ndani ya tundu. Hiyo koili ni dawa nzuri kwa alumini, siisemi vibaya, lakini ile siku sikuwa nahitaji kuijua.

Gundi hizi si gundi za karatasi. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1953 na Vernon Krieble, profesa wa kemia wa Trinity College kule Hartford, Marekani, na ndiyo iliyozaa jina Loctite. Haikauki kwa hewa. Inakauka ikikosa hewa na ikiwa imegusana na chuma. Ndiyo maana chupa yake haijazwi mpaka juu: hewa ya mle ndani ndiyo inayoizuia isigande.

Kutokana na hapo mengine yanafuata yenyewe. Tone ulilolimwaga mezani halikauki, na mtu anasema ni feki. Bolti ya chuma kisichoshika kutu inachelewa kwa sababu uso wake umetulia mno, unaanza kwa kupaka dawa ya kuiamsha. Uzi wenye oili unaipunguzia nguvu, isipokuwa aina chache zilizotengenezwa kuvumilia oili kidogo. Mimi nasafisha nyuzi kwa asetoni, za bolti na za tundu, nasubiri zikauke, ndipo naweka.

Rangi kwa Loctite ni hivi: zambarau (222) kwa skrubu nyembamba, bluu (242 au 243) kwa kitu utakachofungua kwa spana za kawaida, nyekundu kwa kitu usichotaka kukifungua. Nyekundu kama 271 unaichemsha kama nyuzijoto 250 ndipo inaachia, na ukichemsha hivyo karibu na tangi la petroli mimi simo. Ipo kijani pia, 290, nyepesi kama maji, hiyo unaidondosha juu ya skrubu ambayo tayari imekazwa ikajipenyeza yenyewe. Kampuni nyingine zina mpangilio wao wa rangi, soma chupa.

Kama tundu halijatoboka upande wa pili, tone liweke chini ya tundu, siyo kwenye bolti. Ukilipaka kwenye bolti, hewa iliyonaswa mle ndani inatoka kwa nguvu bolti inapoingia na kuisukuma gundi yote nje. Nilikuwa naona imejaa juu najisifu, kumbe ndani pakavu. Kisha iache, ishike saa 24.

#9 Nusu Fundi

Sawa, somo limeingia. Na rangi ya kucha je? Nimeona watu wanapaka. Au kuichomelea nati kabisa kwa nukta moja?

#10 Kijembe Butu

Rangi ya kucha haishiki, lakini ina kazi nyingine nzuri sana. Chora mstari mmoja kuanzia kichwa cha bolti mpaka kwenye mwili wa mashine. Ukija kuangalia, mstari umevunjika, bolti imetembea. Sekunde tano unakagua mashine nzima bila spana. Ningekuwa na mstari kwenye ekzosti, ningeanza kuuliza maswali mapema.

Gundi ya supa pia usijaribu, inakuwa ngumu kama kioo na mtikisiko unaipasua.

Kuchomelea sahau. Nyumba za injini za misumeno mingi ni za magnesiamu, na magnesiamu ikishika moto ukiimwagia maji unauchochea.

#11 Dada Jenereta

Nina swali la ekzosti maana mmeigusa mkaipita. Jenereta yangu ya stroku nne, nati za ekzosti zinatoka kila mwezi. Niliweka bluu ikawa unga mweupe. Nikaweka za nailoni, nailoni ikayeyuka ikanuka.

#12 Chuma Chakavu

Dada, bluu ina mwisho wake, 242 ni nyuzijoto 150, 243 ni 180. Nailoni kama 120. Shingo ya ekzosti inavuka hizo zote. Pale panataka chuma kitupu: nati ya kujifunga isiyo na plastiki, ile ambayo mdomo wake umebonyezwa kiwandani ukawa yai, ikishika uzi inaubana. Au washa za jozi, zile mbili zinazokaa pamoja, upande wa ndani zina ngazi na upande wa nje zina meno. Ngazi zake zina mteremko mkali kuliko uzi wa bolti, kwa hiyo bolti ikitaka kugeuka lazima kwanza ipande ngazi, na kupanda maana yake ni kuvutika zaidi. Inajikaza yenyewe kwa kutaka kulegea! Mimi nilipoielewa nilicheka peke yangu. Ila meno yake lazima yashike kitu kigumu kilichotulia. Ukiweka chini yake washa bapa ya kawaida, washa bapa ndiyo inayozunguka na ujanja wote umekufa.

Kama nafasi ipo, weka bolti ndefu zaidi na bomba dogo la chuma chini ya kichwa. Bolti ndefu inavutika zaidi kwa mbano uleule, kwa hiyo gasketi ikibonyea kidogo haipotezi kila kitu. Bolti fupi nene ikipoteza sehemu ya kumi ya milimita, imekwisha.

#13 Dada Jenereta

Nimepata. Nimechungulia pia, mpira mmoja kati ya minne inayobeba injini umepasuka. Injini inazunguka 3,000 kwa dakika, 50 kwa sekunde, na imesimama kwa miguu mitatu muda wote huo. Naanza na huo.

#14 Mzee Spana

Nimesoma yote. Washa ya springi nitaendelea kuiweka pale ilipotoka kiwandani, lakini sitaitegemea. Yameisha.

Sasa niwape moja ambalo hamjaligusa: skrubu za kwenye plastiki na zile zinazojikatia uzi kwenye magnesiamu. Hapo gundi usiweke, plastiki nyingi inazipasua nyufa ndogo ndogo. Kinachoua nyuzi za plastiki ni haraka. Mtu anaingiza skrubu, anazungusha moja kwa moja, inakata njia mpya juu ya ile ya zamani. Mara ya tatu tundu limekuwa pango, halafu anasema mtetemo umelegeza.

Weka skrubu, izungushe kwanza KINYUME, kama unafungua, kwa vidole au kwa bisibisi bila kuikandamiza. Utasikia na kuhisi kidogo "tk", skrubu inadondoka kwenye njia yake ya zamani. Hapo ndipo uanze kukaza. Ikiingia kwa ulaini, umepata. Ikiingia kwa ugumu tangu mwanzo, simama, rudi nyuma, tafuta "tk" tena. Na ikifika chini usiongeze nguvu, plastiki inatambaa taratibu chini ya mzigo, unaona umekaza leo kesho imenyong'onyea.

Na nati mbili juu ya bolti moja, wengi wanazipanga vibaya. Nyembamba inatangulia chini, nene inakaa juu. Kaza nyembamba kidogo, izuie kwa spana isigeuke, ndipo uikaze nene juu yake kwa nguvu kamili. Nene ndiyo inayobeba mzigo.

#15 Nusu Fundi

Mzee hiyo ya "tk" nimeijaribu sasa hivi kwenye kifuniko cha kichujio. Miaka yote hii nilikuwa nakata uzi mpya kila wiki. Aisee.

#16 Dada Jenereta

Waya wa kufunga bolti na kotapini (ile pini inayopenyezwa kwenye tundu la bolti na kukunjwa) vipi? Kwenye ndege huwa naviona.

#17 Kijembe Butu

Vinazuia bolti isidondoke, havilindi mbano. Bolti inaweza kulegea kabisa na waya bado umeishika. Kwa kisu cha kuzunguka hiyo ni faida kubwa, hutaki nati iruke kichwani kwa mtu. Kwa kabureta haikusaidii kitu, hewa itapenya bolti ikiwa imetulia palepale.

Mrejesho wangu: silinda na pistoni mpya zimeingia. Kishikio cha ekzosti nimekitengeneza upya, stadi (bolti zisizo na kichwa) mpya, gasketi mpya, nati za mdomo uliobonyezwa. Kabureta nimeweka tone la bluu baada ya kusafisha, toki kama kitabu kinavyosema. Matangi sita ya petroli mpaka leo na mistari yote iko sawa.

#18 Binti Shamba

Na mimi narudi. Kikombe cha chini ya kisu kilikuwa kimepinda kweli, nadhani na nyundo yangu ilichangia. Nimebadilisha, nati mpya, na kisu nimekisimamisha juu ya msumari mlalo kuona upande mzito, kikawa kinaangukia upande uleule kila mara, nikanoa kidogo kidogo mpaka kikatulia. Mikono haifi ganzi tena jioni.

Nimechora mistari kumi na moja kwa rangi ya kucha nyekundu. Leo asubuhi kumi iko sawa. Wa kumi na moja, skrubu ya mpini wa kushoto, umesogea kama unene wa kucha. Naifungua kesho nione kilichomo chini yake kabla sijaikaza.